Mashine Iliyosoma Maneno ya Bibi

Jino langu la kwanza kung'olewa kwa chuma liling'olewa na fundi cherehani. Usinicheke. Pale Tingi siku zile mganga wa meno hakuwepo, na katika watu wote fundi cherehani ndiye aliyekuwa na koleo. Nilikuwa na miaka sita hivi, shavu limevimba kama nimeficha chungwa mdomoni. Bibi akanishika mkono tukateremka kutoka milimani Umatumbi kwa miguu, tukalala njiani kwa watu, asubuhi tukafika. Fundi akanikalisha kwenye kiti chake, mbele ya cherehani, akaniambia nikanyage. Miguu yangu ilifika kwa shida. Nikakanyaga, gurudumu likazunguka, sindano ikapanda na kushuka, nami nikapumbaa kuitazama. "Kanyaga, mwanamume! Nguo ya harusi hiyo, kanyaga!" Nikakazana. Hapo hapo akatia koleo. Nilipokumbuka kulia, jino lilikuwa tayari mezani juu ya kipande cha kaniki.

"Jino la Mmatumbi gumu kama kisiki," akamwambia bibi huku anafuta koleo kwenye paja. "Mmezidi kutafuna kokwa za machungwa."

"Na wewe Mmwera lirudishe hilo jino," bibi akamjibu. "Nikigeuka tu utalitia kwenye mchuzi."

Watani hao. Tulipotaka kuondoka fundi akakidaka kikapu cha bibi, kikapu kipya bado kinanuka ukindu, ndani yake ming'oko, viazi vyetu vya porini vya kula njiani, akakikalia. "Hiki nimekiteka," akasema. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Tukarudi mlimani mikono mitupu, yeye anacheka, mimi natema damu. Ndivyo utani ulivyo kwetu: mtani akichukua amechukua. Ukinuna, aibu ni yako.

Nimeanza mbali, najua. Shule niliiacha darasa la pili, sikukaa hadi siku ya kufundishwa habari inaanzia wapi. Lakini pia nimeshtuka, ndugu yangu. Mtu aliyeshtuka haendi moja kwa moja penye jambo, anazunguka kwanza kama kuku anayetafuta pa kutagia. Fundi cherehani nimemtaja kwa sababu ya mwanawe.

Mwanawe hakurithi cherehani, alirithi vidole. Ana kibanda Nangurukuru, anatengeneza redio, feni, simu, kila kitu chenye waya, na siku hizi mvi zimemjaa naye. Utani tumeurithi mimi na yeye kama ulivyokuwa, bila kupunguza. Na ni huyo huyo aliyekuja kwenye msiba wa mwalimu.

Mwalimu alikuwa rafiki yangu. Alisomesha kule Kipatimu karibu na misheni, Mkristo yeye, mimi Mwislamu, tukala sahani moja miaka mingi. Miaka ya tisini mwanzoni wageni fulani walimwachia kompyuta, zile kubwa zenye kioo kama sanduku la chai, na misheni ilipowasha jenereta mchana alikuwa anakaa mbele yake anawaandika wazee. Maana yake, wazee wanasimulia, yeye anaandika: ukoo upi ulitoka wapi, mpaka wa shamba uko mti gani, nani amezikwa wapi. Wazee walikuwa wakitembea kutwa nzima kwenda kuandikwa, wakirudi wanaringa kama waliotoka Makka. Alipostaafu aliondoka na mashine yake, akaiweka nyumbani, akaifunika kitambaa cha kufuma.

Miaka kadhaa iliyopita akafa. Tukazika. Siku ya tatu watani wakaja, na fundi wetu wa redio amejifunga kanga ya mwanamke kiunoni na sufuria kichwani. Akaingia chumbani kwa marehemu, akatoka na kompyuta mikononi, waya zinaburuta nyuma kama mikia. "Marehemu aliniahidi ataniandikia barua nipate mke wa pili!" akapiga kelele. "Kafa hajaandika! Basi mashine itaandika yenyewe!" Watu walicheka mpaka waliokuwa wanalia wakapaliwa. Mjane wa mwalimu alicheka, machozi yanamtoka. Na mimi, nikwambie ukweli, mimi ndiye niliyekibeba kile kioo hadi barabarani. Nilimsukuma mgongoni nikamwambia, "Kimbia, Mmwera, kabla marehemu hajafufuka!"

Kumbuka hilo. Kile kioo nilikibeba mimi.

Sasa juzi, baada ya mavuno ya ufuta, vijana wa ukoo wetu walikutana wakaamua kuyajengea makaburi ya wazee kabla ya mvua. Saruji ikaletwa, ikapangwa ukumbini kwangu. Wakaniuliza, mzee, kaburi la baba yako liko wapi, tuanze na hilo, maana wewe ndiye mkubwa uliyebaki. Nikawajibu nilichojibu maisha yangu yote: ng'ambo ya Mto Matandu. Ng'ambo ya wapi? Sijui. Bibi alijua, na bibi alifariki zamani, wakati mimi niko Lindi kwenye mashamba ya chumvi, nikafika kaburi limeshaota majani. Nina miaka sabini kasoro kidogo. Tangu nikiwa mtoto naomba dua kwa baba yangu huku sijui uso nielekeze upande gani. Nilitaka kabla sijafa nami niende mara moja, nipalilie, nimwagie maji, nimwambie mimi mwanao nimekuja.

Nikaenda kumpa mjane wa mwalimu pole za mwaka. Katika maongezi nikamweleza taabu hiyo. Akanitazama.

"Shemeji," akasema, "bibi yako si alikaa kwetu siku tatu anaandikwa? Nilimpikia mimi mwenyewe. Alikuwa hataki chumvi nyingi."

"Lini?"

"Mwaka ule ule aliofariki. Mwalimu alisema bibi huyu ameeleza mambo ya mkwe wake, mjukuu mwenyewe akija nitamsomea. Hukuja kumuuliza, na yeye akasahau."

Nilishikilia mlango. Akaingia ndani akatoka na kopo kubwa la biskuti, mfuniko umezibwa kwa nta ya mshumaa. Ndani kulikuwa na vitu vyeusi kumi na kimoja, mraba, vyembamba, vinapinda kama ngozi, katikati tundu. Kimoja kimeandikwa jina la bibi yangu kwa mkono wa mwalimu. Nikakinusa. Kilinuka ukungu.

Nangurukuru nilifika jua la saa tano.

"Shikamoo, babu mtani! Hujafa tu?"

"Marahaba. Nakusubiri wewe utangulie, niteke redio zako."

Akacheka, akanivutia kiti, akaniwashia feni. Nikafungua kopo. Kicheko kikamwisha, akachukua kile kimoja kwa ncha za vidole, akakiweka penye mwanga.

"Hizi disketi za zamani sana. Za mwalimu?"

"Za mwalimu. Nataka mashine yake. Ile uliyoiteka."

Aliangalia chini, kisha akaangalia ile feni. Nami nikaangalia feni.

"Sanduku lake lile pale, naweka misumari," akasema. "Kioo kilipasuka. Na mdomo wake wa kulia disketi... mota yake ndiyo hiyo, babu."

Feni ilikuwa inanipuliza usoni. Kila nilipokuja kuchaji simu, mwaka baada ya mwaka, ndiyo iliyokuwa ikinipuliza. Kilichokuwa kinajua kusoma maneno ya bibi yangu kilikuwa kinanikausha jasho. Nilitaka kumtukana, lakini utamtukanaje mtani kwa kitu cha msibani? Na kioo alikibeba nani?

"Zima hiyo kitu," nikamwambia.

Tangu hapo yule mtu alijifunga kibwebwe. Alinieleza jambo lenyewe kama anavyomweleza mtoto, na mimi nakueleza kama nilivyoelewa. Disketi hizi, alisema, zimekaa milimani kwenye unyevu, zimeshika ukungu. Huenda zikavumilia kusomwa mara moja. Ukizitia kwenye mashine isiyofaa, kichwa chake kitakwangua maneno kama unavyokwangua magamba ya changu, na yakishakwanguka hakuna fundi duniani. Halafu mwalimu aliandikia mfumo wa zamani, unaitwa Dosi, hauna picha wala kipanya, ni kioo cheusi na herufi tu, na maneno amefungia kwa programu isiyofunguka kwingine. Kwa hiyo kuchagua mashine ndiyo kazi yenyewe, alisema. Kusoma ni dakika.

Mashine ya kwanza ilikuwa kompyuta mpakato ya mjukuu wangu, muuguzi, aliyekuja likizo. Mjukuu alijaa matumaini.

"Babu, hii inaigiza Dosi freshi tu. Unapakua kitu, unabonyeza, imekuwa ya zamani."

Fundi akaigeuza mpakato ile huku na huku kama anayenunua mbuzi anatafuta meno. "Kuigiza inaigiza, mwanangu. Mdomo uko wapi? Utamlishia wapi huyu?"

Ya pili alikuwa nayo mwenyewe, ilitoka ofisi moja iliyotupa vitu vyake vikuukuu. Nzima, inawaka, ina mdomo, ila mdogo, wa disketi ngumu zilizokuja baadaye. Mjukuu akasema si utoe huu mdomo ufunge mkubwa. Fundi akasema hilo linawezekana, lakini ugonjwa wa mashine ile ni mbio. Programu ya mwalimu ikiamka hupima kwanza kasi ya mashine, na ikikuta mbio zimepita hesabu yake inazirai palepale, haisemi hata neno. Nilishangaa mno. Maisha yangu yote nimesikia vitu vya zamani vinakataliwa kwa uzito, sijasikia kipya kinakataliwa kwa wepesi.

Ya tatu aliifuata Pande, kwenye ghala la korosho, akarudi nayo nyuma ya pikipiki imefungwa kwa mpira. Mlinzi alikuwa akiweka mtungi wa maji juu yake. Fundi alipoifungua tukaruka nyuma wote watatu: nyigu walikuwa wamejenga vyumba vya udongo kuanzia chini hadi juu, na betri yake imetapika maji ya kijani kwenye njia za shaba. Mimi nikasema basi, hii maiti. Yeye akasema hapana, hii ndiyo.

"Hii chafu?"

"Chafu inasafishwa. Ina umri wa disketi zako, ina midomo yote miwili, na tazama." Akanionyesha kitufe usoni pake. "Hiki ni cha kupunguza mbio."

"Mtu mwenye akili anaweka kitufe cha kupunguza mbio kwa nini?"

"Kwa ajili ya wazee wa Kimatumbi," akasema.

Akaisugua kwa ndimu na mswaki njia moja moja, akaiosha, akaianika kwenye jamvi siku mbili. Badala ya ile betri akaunganisha betri tatu za tochi. Kichwa cha mdomo mkubwa alikifuta kwa pamba na spiriti mara sita, nilihesabu. Siku hizo mbili sikurudi nyumbani. Nilikaa kibandani naitazama inakauka, namfukuza kuku asiikanyage, na muda wote huo nilikuwa niko kwingine kabisa. Nilikuwa shambani kwetu, msimu aliokufa baba.

Ngoja nikupeleke. Mama alifariki akinizaa, kwa hiyo tulikuwa watatu: bibi mzaa mama, baba, na mimi. Baba hakurudi kwao, alibaki analima shamba la mkwe wake. Nyumba ilikuwa ya udongo, paa la nyasi, na kando ya mpunga wa bonde tulikuwa na dungu, miti minne na sakafu ya fito juu, ngazi ya kamba. Mpunga ukianza kuiva, kazi yangu ilikuwa kukaa juu kutwa nzima napiga debe kufukuza ndege na ngedere. Ukipiga debe muda mrefu, likinyamaza masikio yanaendelea kulia yenyewe. Ufuta nao ulikuwa unakauka wakati huo huo, mafungu yamesimamishwa kwenye vichanja. Ukikauka unapinduliwa juu ya jamvi, unatikiswa, punje zinamwagika kwa sauti ya mvua ndogo. Ile sauti naitamani kuliko wimbo wowote. Bibi alitwanga ufuta akaungia majani ya kunde, tukalia ugali wa muhogo. Mikono ya bibi ilinuka moshi na ufuta, na kanga yake pia, na nilipolala mgongoni kwake ndoto zangu nazo zilinuka hivyo hivyo.

Baba alikuwa mrefu, mkimya, anatembea kama ana mzigo wa mayai. Kitu nilichokijua zaidi kwake ni kwamba hakusema na bibi. Usifikiri waligombana. Heshima ya mkwe hiyo, ya kwetu ya zamani: mkwe mwanamume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawaitani, hawali pamoja. Maneno yote yalipita kwangu. Bibi yuko jikoni, baba yuko barazani, hatua nne kati yao, bibi anasema, "Mwambie baba yako chakula tayari." Naenda, "Baba, chakula tayari." "Mwambie bibi ahsante." Narudi, "Bibi, anasema ahsante." Wote walikuwa wameshasikia toka mwanzo! Mara nyingine nilitia uongo wangu katikati. Nilimwambia bibi, "Baba anasema nipewe nyama kubwa." Nikasikia baba anacheka peke yake kule nje. Ndicho kicheko chake pekee ninachokikumbuka, nacho nilikipata kwa uongo.

Kisha siku moja bibi akaniambia baba amesafiri, ameshikwa na homa njiani, amefia ng'ambo ya Matandu, watu wema wamemzika huko huko. Akaninyoa nywele. Tukakaa matanga siku tatu. Naona aibu kukuambia, lakini nilifurahi, kwa sababu matanga yale kulikuwa na wali wa nazi, na kila mwanamke aliyekuja alinipakata. Ndiyo kumbukumbu yangu ya msiba wa baba: wali, na mapaja ya wanawake. Hadi sasa nikila wali wa nazi namkumbuka marehemu.

Nilikuwa nayachambua hayo, fundi akaniita. Imekauka.

Hakuanza na disketi ya bibi. Mwenye akili huyu: akachukua moja isiyo na kazi, imeandikwa "mitihani", akatia. Mashine ikanguruma, ikakoroma, ikakwaruza kama panya darini. Kioo kikawa cheusi, kisha herufi za manjano zikajipanga. Majina ya watoto wa darasa la sita na alama zao. Mjukuu wangu akainama kusoma, mara akapiga yowe.

"Babu! Baba yangu huyu! Hesabu, nane katika mia!"

"Nane?"

"Nane! Mimi nilichapwa kwa kupata hamsini! Aliniambia alikuwa wa kwanza siku zote!"

Tulicheka, wallahi. Mwanangu alisomea kule mlimani wakati mimi nachota chumvi Lindi, na kila nilipotuma salamu nilijibiwa anaongoza. Mjukuu akapiga picha kile kioo, akaondoka mbio kwenda kumpigia simu baba yake amsomee alama zake. Tukabaki wawili. Fundi akafuta tena kile kichwa kwa pamba. Akabonyeza kitufe cha mbio. Akasema, "Bismillahi," akatia disketi ya bibi yangu.

Ilikwaruza muda mrefu. Ikanyamaza. Ikakwaruza tena. Nilikuwa nimeshika kona ya meza.

Herufi zikaja.

Mimi macho yangu na shule yangu unavijua, kwa hiyo fundi ndiye aliyesoma. Mwalimu alikuwa ameandika kwa Kiswahili, ingawa bibi alisimulia Kimatumbi, lakini alikuwa yeye mtupu, nilimsikia. Mwanzo alieleza ukoo, njaa aliyozaliwa nayo, mama yangu alivyokuwa mtundu. Fundi alisoma kwa madoido yake ya utani, anaiga sauti ya bibi kizee. Halafu akafika mahali, sauti ya kuiga ikamtoka. Akasoma kimya kwanza, midomo inatembea.

"Soma," nikamwambia.

"Babu..."

"Soma! Kaburi liko wapi?"

Akasoma: "Mkwe wangu hakufa. Niliwadanganya watu wote, na mjukuu wangu nilimdanganya kwanza. Ng'ambo ya Matandu hakuna kaburi. Alituacha akiwa mzima. Mtoto wa marehemu analia siku tatu, analala. Mtoto wa aliyeondoka anakaa njiani kila jioni. Nikaona bora nimpe kifo."

Nilisimama. Sikumbuki kusimama, nakumbuka nipo barabarani, lori linanipigia honi na dereva ananitukana. Nilirudi nikakaa kwenye kizingiti cha kibanda, fundi akaniletea maji, nikayashika tu. Mtani wangu huyu, tangu tujuane hajawahi kusema na mimi sentensi mbili bila kunikejeli. Siku hiyo alichuchumaa kando yangu tu.

Nikawaza saruji iliyopangwa ukumbini. Nikawaza dua zangu, miaka sitini na ushee, namwombea nuru ya kaburi mtu ambaye pengine saa ile ile alikuwa anakula mahali, anacheka na watoto wengine. Kwa umri alishakufa sasa, hilo halina shaka, lakini alikufa lini? Siku niliyostahili kumlilia ilikuwa ipi? Wali ule wa matanga tulikula kwa ajili ya nani? Nilitafuta kumkasirikia bibi nikashindwa. Nikatafuta kumkasirikia yeye, nikakuta sina hata sura ya kukasirikia, nina mgongo mrefu na kicheko kimoja.

Na kule kwetu hakuna wa kumuuliza. Shamba lile limerudi kuwa pori, nilipita miaka michache nyuma nikashindwa hata kujua nyumba ilisimama wapi. Dungu halijengwi tena, watoto wako shule, na ni vizuri wako shule. Heshima ya mkwe nayo imekwisha, siku hizi mkwe na mama mkwe wanapigiana simu wanataniana, wanatumiana picha. Wajukuu wangu nikiwaeleza kwamba watu wazima wawili waliishi nyumba moja miaka saba, hawajasemeshana hata mara moja, na wakapendana, wanafikiri nimeanza kuchanganyikiwa. Sauti ya ufuta juu ya jamvi imebaki kichwani mwangu peke yangu, na nikienda itakwenda nami.

Ndani mashine ilikuwa bado inanguruma.

"Kuna kipande kimebaki," fundi akasema. "Nizime?"

Nilikunywa yale maji yote. "Malizia."

Akasoma polepole, kidole kiko kwenye kioo, mimi nimempa mgongo, natazama nje. Nayaweka hapa kama alivyoyasoma, sina cha kuongeza.

"Watu wakiniuliza kwa nini alituacha, sijui. Hatukugombana. Ufuta ulikuwa umekauka vizuri. Mchana ule nilikuwa kichanjani, nikamwona anaweka jembe chini, ananawa miguu. Nikajua. Mtu hanawi miguu mchana. Nilitaka kumwita. Lakini sijawahi kumwita mkwe wangu hata siku moja, mdomo wangu haukujua kutamka jina lake. Mtoto ndiye aliyekuwa akipeleka maneno yetu, na mtoto alikuwa mbali, juu ya dungu, anapiga debe. Nikamwita mtoto. Debe lilimzuia kusikia. Baba yake akapita chini ya lile dungu. Mtoto akamwona, akanyamazisha debe, akamuuliza, baba, unakwenda wapi? Akasema, naenda kuchota maji; mtoto mwenyewe aliniambia jioni. Mikononi hakuwa na kibuyu wala ndoo. Mtoto akaanza tena kupiga debe. Yeye akafuata ukingo wa mpunga, akashika njia ya kushuka bondeni, hakukimbia wala hakugeuka. Hakurudi."